Kutunza na Kukagua Mitaro ya Kufyonzea Majitaka ya Nyumbani

Nyumba nyingi za pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Kibamba hadi Bunju na Chanika, hazijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka, na kila mwenye nyumba hujitegemea kwa karo alilochimba ndani ya kiwanja chake. Ukimuuliza mwenye nyumba mfumo wake uko wapi, atakuonyesha mfuniko wa zege ulio nyuma ya jiko na kukuambia ni lini gari la kunyonya lilikuja mara ya mwisho. Ukimuuliza maji yanakwenda wapi baada ya kutoka ndani ya karo, mara nyingi atanyoosha mkono kuelekea upande fulani wa ua bila uhakika. Sehemu hiyo asiyoijua ndiyo iliyobeba kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayogharimu fedha nyingi zaidi ikiharibika. Mwongozo huu unahusu sehemu hiyo: mitaro iliyofukiwa ardhini, yenye bomba la matundu juu ya kokoto, ambamo maji yanayotoka karoni hugawanywa na kufyonzwa na udongo. Mwenye shimo moja la kufyonza badala ya mitaro atakuta mengi ya humu yanamhusu pia.

Kinachotendeka chini ya ardhi

Karo halisafishi maji. Kazi yake ni kuyatuliza, ili vilivyo vizito vizame na kuwa tope, mafuta na vyepesi vielee na kuwa utando, na katikati yabaki maji yenye rangi ya kijivu ambayo hutoka kupitia bomba la pili. Maji hayo huonekana mepesi, lakini bado yamejaa vijidudu vya maradhi, na atakayeyagusa anapaswa kunawa kama aliyegusa kinyesi. Usafishaji wenyewe hufanyika mitaroni: maji hushuka polepole kupitia udongo usiojaa maji, wenye hewa katikati ya chembe zake, na humo bakteria huchujwa, hunata kwenye chembe za udongo, na huliwa na viumbe wengine wadogo wanaoishi kwa hewa hiyo. Ndiyo maana kina cha udongo mkavu chini ya mtaro ni jambo la lazima. Kanuni za Uingereza hudai angalau mita 1.2 kati ya sakafu ya mtaro na maji ya ardhini, na kipimo hicho kinafaa kukumbukwa katika maeneo kama Msasani na Mikocheni, ambako maji ya ardhini yako karibu na uso, au Unguja, ambako maji yakiingia kwenye nyufa za mwamba wa matumbawe husafiri haraka bila kuchujwa.

Mahali kokoto zinapokutana na udongo, bakteria hujijengea tabaka jeusi, lenye kuteleza, lililo kama masizi yaliyolowa mafuta. Tabaka hili si ugonjwa. Likiwa jembamba husaidia kuchuja. Linapolishwa mabaki mengi kupita kiasi, kwa sababu karo limejaa au bomba la kutokea limevunjika, huwa nene na kuziba vinyweleo vya udongo, na maji yaliyozoea kushuka huanza kutuama. Anayeelewa jambo hili ataelewa kwa nini karo hunyonywa: si kwa sababu limejaa hadi juu, kwani karo linalofanya kazi sawasawa huwa limejaa maji hadi usawa wa bomba la kutokea siku zote, bali ili tope na mafuta yasifike mitaroni. Atakayesubiri hadi choo kigome kushusha maji ndipo aite gari, huenda tayari ameshapeleka uchafu wa miaka kadhaa mahali ambapo hakuna gari linaloweza kuunyonya.

Kujua mitaro ilipo

Kabla ya ukaguzi wowote, chora ramani. Kama fundi aliyejenga bado anapatikana, mwite akuonyeshe. Kama hapatikani, anza kwenye karo, tafuta bomba la kutokea, na ufuate mwelekeo wake kwa kuchoma ardhi taratibu kwa nondo nyembamba hadi uguse kokoto, kwa uangalifu usije ukatoboa bomba. Mitaro kwa kawaida hufuata usawa wa ardhi na wala haishuki na mteremko. Pima umbali wa kila ncha kutoka kwenye kona mbili za nyumba, uandike kwa futi au mita kwenye karatasi, na uihifadhi karatasi hiyo pamoja na hati za kiwanja. Ramani hii humwokoa mrithi, mpangaji na fundi wa kesho, na itakuokoa wewe mwenyewe siku utakapotaka kuchimba msingi wa banda la kuku.

Kukagua kwa macho na pua

Nyakati mbili za mwaka zinafaa zaidi. Ya kwanza ni Februari, ardhi ikiwa imekauka kabla ya masika ya Machi hadi Mei, kwa kuwa unyevunyevu wowote utakaouona wakati huo hauwezi kusingiziwa mvua. Ya pili ni Juni, mvua zikiwa zimekatika, ili uone kama mitaro imerudi katika hali yake. Nenda asubuhi, ua ukiwa haujafagiwa wala kumwagiliwa.

Tembea juu ya kila mtaro kutoka kwenye kisanduku cha kugawia maji, kinachoelezwa hapo chini, hadi mwisho. Mtaro wenye afya hauonekani. Nyasi zake hazitofautiani sana na za jirani yake. Ukiona ukoka umestawi kwa mstari ulionyooka, kijani kibichi katikati ya ua uliokauka, ujue maji yanapanda karibu na mizizi. Hiyo ni dalili ya mapema, na haihitaji hofu bali ufuatiliaji. Ukiona ardhi inabonyea chini ya kisigino, au udongo umekuwa mweusi wenye harufu ya yai viza, au mbu wameongezeka katika kona hiyo, basi maji yameshafika juu, na watoto na kuku waondolewe hapo mara moja. Angalia pia sehemu zilizodidimia, kwa kuwa hukusanya maji ya mvua na kuyapeleka mtaroni. Zijaze kwa udongo wa kawaida, bila kuushindilia.

Ndani ya nyumba nako kuna dalili. Sinki moja likichelewa kushusha maji, tatizo kwa kawaida liko kwenye bomba la sinki hilo. Vyote vikichelewa pamoja, hasa vya chini kabisa kama bafu la sakafuni, na choo kikitoa mlio wa mapovu mtu anapomwaga ndoo bafuni, tatizo liko mbele zaidi: kwenye chemba, karoni, au mitaroni.

Kufungua kisanduku cha kugawia

Mfumo wenye mitaro zaidi ya mmoja huwa na kisanduku kidogo cha zege au plastiki kati ya karo na mitaro, ambacho huyapokea maji na kuyagawa. Ukaguzi wake huchukua nusu saa na hueleza mambo mengi kuliko kipimo kingine chochote, lakini nimeona nyumba ambazo kisanduku hakijawahi kufunguliwa tangu siku kilipofunikwa.

Vaa glovu ndefu na viatu vya mpira, ondoa udongo, na uinue mfuniko ukiwa umesimama upande upepo unakotokea. Angalia kwanza usawa wa maji kwenye matundu ya kutokea. Kisha mwombe mtu amwage maji ndani ya nyumba, ndoo kama nne au tano za lita 20, na utazame. Maji yanatakiwa kuingia katika kila bomba kwa kiasi kinachokaribiana.

Nilipofungua kisanduku chetu kwa mara ya kwanza, kilikuwa na matundu matano. Tundu la upande wa kushoto lilikuwa limelowa na kujaa utelezi mweusi. La pili lilikuwa na unyevu kidogo. Na katika matatu yaliyobaki buibui walikuwa wametanda, nyuzi zao zikiwa na vumbi kavu. Mvua zilikuwa zimemomonyoa udongo chini ya kona moja, kisanduku kikainama kwa upana wa kidole tu, na kwa muda usiojulikana mtaro mmoja ulikuwa ukibeba majitaka ya nyumba nzima huku mingine ikikaa bure. Juu ya mtaro huo ndipo nyasi zilipokuwa zimestawi kuliko kwingine, na sisi tulikuwa tukizisifu. Tulikiinua, tukakikalisha juu ya kokoto zilizoshindiliwa, tukakipima kwa pimamaji pande zote mbili, na tukaziba kwa muda lile tundu la kushoto ili mtaro wake upumzike. Hakuna fundi wala gari lililohitajika, ilihitajika kutazama.

Ukikuta vipande vya kinyesi, mafuta yaliyoganda au karatasi ndani ya kisanduku, usiendelee na mitaro kabla hujarudi karoni, kwa maana vitu hivyo havikupaswa kuvuka. Aghalabu utakuta kiungo cha umbo la T kilichopo kwenye tundu la kutokea kimevunjika au kiling'olewa na mpira wa gari la kunyonya. Kiungo hicho huchota maji ya katikati, chini ya utando na juu ya tope, na bila hicho mafuta yote ya jikoni huenda moja kwa moja mtaroni. Ni kitu cha bei ndogo sana kikilinganishwa na mtaro kinaoulinda.

Kama unajenga, au unachimbua kwa sababu nyingine yoyote, weka mwishoni mwa kila mtaro bomba la kuchungulia: kipande cha bomba la inchi nne kilichosimama wima, chenye matundu sehemu ya chini, kinachofika sakafu ya mtaro na kufungwa kwa kifuniko juu ya ardhi. Kila ukaguzi, kabla watu hawajaanza kuoga, tumbukiza ufito mkavu na upime maji yaliyotuama. Mtaro mkavu, au wenye maji ya sentimita chache yanayokauka mchana, uko vizuri. Maji yanayofika nusu ya kina cha kokoto wakati wa kiangazi, wiki baada ya wiki, yanaonyesha udongo unaochoka. Yakifika usawa wa bomba lenyewe, mtaro huo hauna nafasi tena. Andika kipimo na tarehe, kwa kuwa mwelekeo wa miaka mitatu una maana kubwa kuliko kipimo cha siku moja.

Kupima tope la karo kwa ajili ya mitaro

Mamlaka ya mazingira ya Marekani hushauri karo la nyumba likaguliwe walau kila miaka 3 na linyonywe kila miaka 3 hadi 5. Hiyo ni kalenda ya familia ya wastani wa kwao. Nyumba zetu hupokea wageni wa mwezi mzima, wapangaji wa uani, na shughuli za misiba na harusi, kwa hiyo kipimo ni bora kuliko kalenda.

Chukua ufito wa mita tatu na uufunge taulo jeupe kuukuu katika mita moja ya chini. Ushushe polepole karibu na tundu la kutokea hadi uguse sakafu, usubiri dakika mbili au tatu, uuzungushe kidogo, kisha uupandishe taratibu. Chembe nyeusi zitakuwa zimenata kwenye taulo hadi urefu wa tope. Kwa utando wa juu, tumia ufito mwingine uliopigiliwa kibao kidogo cha kukingama nchani: uusukume chini kupita utando, uuvute juu hadi uhisi kibao kimegusa, na uweke alama. Tope na utando vikifika kwa pamoja theluthi moja ya kina cha maji, ita gari. Kwa karo lenye maji ya kina cha mita 1.5, theluthi hiyo ni sentimita 50. Kwa hiyo tope la sentimita 35 na utando wa 15 vinatosha kuamua.

Wakati wa kunyonya, mwambie fundi wa gari anyonye kupitia mfuniko mkubwa na wala si kupitia bomba la uchunguzi, atoe tope la vyumba vyote viwili vya karo, na asimame palipo imara, si juu ya mitaro. Uliza mzigo unakwenda wapi. Mabwawa ya Vingunguti ni miongoni mwa mahali unapopokelewa kihalali. Usinyonye wakati ardhi imelowa kabisa katikati ya masika, kama si lazima, kwa kuwa maji ya ardhini yanaweza kulinyanyua karo jepesi la plastiki lililo tupu au kupasua kuta za la tofali, na maji ya mitaro iliyofurika yatarudi karoni ndani ya siku moja na kukupotezea fedha.

Naomba msomaji alichukue kwa uzito jambo moja: mtu yeyote asiingize kichwa wala mwili ndani ya karo, hata kwa dakika moja, hata kuokota kitu kilichodondoka. Gesi ya salfidi ya hidrojeni hunuka yai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kisha humwangusha mtu kabla hajapiga kelele. Mara nyingi anayeingia kumwokoa hufa pamoja naye. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu, kwa kuwa methani hulipuka, na usiuache mfuniko wazi hata kama unakwenda tu kuitikia simu.

Maji, magari na miti

Mtaro hufa kwa maji mengi kama unavyokufa kwa mafuta mengi. Choo kinachovuja ndani kwa ndani kinaweza kupeleka mamia ya lita kwa siku karoni bila mtu kusikia. Kipime kwa kutia matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo usiku. Ukikuta rangi kwenye bakuli asubuhi kabla mtu hajakitumia, badilisha mpira wa chini. Gawanya siku za kufua badala ya kufua mashuka ya nyumba nzima Jumamosi moja, kwa sababu maji yanayoingia kwa kasi huvuruga tope na kulisukuma nje.

Maji ya mvua ya paa, ya sakafu ya ua, na ya kufurika kwa simtanki yasielekezwe karoni kwa namna yoyote, wala yasimwagike juu ya mitaro. Kama kiwanja kina mteremko, chimba mfereji mdogo wa wazi upande wa juu, mita chache kabla ya mtaro wa kwanza, uyakinge maji na kuyapeleka kando. Mfereji huo, uliochimbwa kwa jembe kwa siku moja, umeokoa mitaro mingi zaidi ya dawa zote zinazouzwa madukani.

Kuhusu dawa hizo, ziwe za unga au za chupa: karo la nyumba lina bakteria wa kutosha kutokana na matumizi ya kila siku, na hakuna dawa inayoweza kuchukua nafasi ya kunyonya. Mafuta ya taa na oili chafu ambayo baadhi ya watu humwaga ili kuua mbu huchafua udongo na maji ya visima. Dhidi ya mbu, funga nyufa za mifuniko na uweke wavu kwenye bomba la kupumulia. Mbu aina ya Culex wanaozaliana katika majitaka ndio wanaoeneza matende na mabusha katika pwani yetu, kwa hiyo wavu huo si urembo. Mafuta ya kukaangia yafutwe kwa karatasi na kutupwa kwenye taka kabla sufuria haijaoshwa, na pedi, nepi na vitambaa visipite chooni kabisa.

Juu ya mitaro paote ukoka peke yake. Mwembe, mfenesi, mgomba na miti ya ashoki inayopendwa kwenye kuta za nyumba mpya hupeleka mizizi yake penye maji na kuingia kwenye matundu ya bomba. Mboga zinazoliwa mbichi, na zile zinazogusa ardhi kama mchicha, zisipandwe hapo hata kama udongo wake unavutia. Usisakafie kwa zege wala kwa matofali ya kupangwa, kwa kuwa udongo unahitaji kupumua, na usiruhusu gari lipite. Lori moja la mchanga, lililoingia mara moja siku ya ujenzi wa ukuta, linaweza kuvunja bomba na kushindilia udongo kiasi kwamba maji hayapiti tena, na madhara yake yataonekana masika ijayo, wakati hakuna anayelikumbuka lori. Weka mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka eneo zima, ili dereva asiyekujua ajue.

Mitaro ikishindwa

Maji yakitokea juu ya ardhi, tafuta sababu kabla ya kuchimba. Fungua karo. Kama maji yake yako chini ya tundu la kutokea, karo linavuja. Kama yako juu ya tundu hilo huku kisanduku kikiwa kikavu, bomba kati yake limeziba, na fundi bomba anaweza kulizibua kwa siku moja. Kama kisanduku nacho kimejaa, mitaro ndiyo isiyopokea, na hapo uulize tena: ni kwa sababu ya mvua, au ni kwa sababu udongo umeziba? Tatizo linalokuja na masika na kuondoka Julai ni la maji ya ardhini au ya mvua inayoelekezwa vibaya. Linalodumu hadi Septemba ni la udongo.

Udongo ulioziba unaweza kupona, lakini unahitaji muda. Dawa yake ni kupumzishwa: mtaro ukiachwa bila maji kwa miezi kadhaa, hewa huingia, na viumbe wanaohitaji hewa hulila lile tabaka jeusi. Kwa sababu hiyo ninawashauri wenye nafasi wajenge makundi mawili ya mitaro yenye kizuizi cha kubadilishia, moja lifanye kazi mwaka huu na jingine lipumzike. Anayelazimika kutumia mtaro huohuo anaweza kupunguza maji, kulinyonya karo mara kwa mara kwa kipindi fulani, na kupeleka maji ya kufulia mahali pengine yanakoruhusiwa, lakini ajue kwamba anajinunulia muda. Kumwaga tindikali au kupuliza hewa ya mgandamizo ndani ya mabomba, kama baadhi ya mafundi wanavyopendekeza, huweza kuharibu hata kile kilichobaki.

Kutapisha karo wakati wa mvua kubwa, ili mafuriko yachukue uchafu, ni kosa kisheria na ni kumpelekea jirani maradhi mlangoni. Mwaka 2015 kipindupindu kilianzia Dar es Salaam mwezi Agosti kikaenea nchini, na maradhi hayo husafiri kwa njia hiihii ya kinyesi kuingia katika maji ya watu.

Kupima udongo kabla ya mitaro mipya

Itakapobidi kuchimba mitaro mipya, usikubali kukadiriwa kwa macho. Chimba mtaro hadi kina kitakachotumika, kisha katika sakafu yake chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30 chenye kina cha sentimita 30. Kijaze maji na uyaache yaishe usiku kucha. Kesho yake kijaze tena, na uhesabu sekunde ambazo maji hutumia kushuka kutoka robo tatu hadi robo ya kina, yaani milimita 150. Gawanya sekunde hizo kwa 150. Rudia mara tatu, katika angalau vishimo viwili, na uchukue wastani. Usifanye kipimo hiki siku ya mvua kubwa.

Kwa kanuni ya Uingereza, jibu linatakiwa liwe kati ya 12 na 100. Chini ya 12 maji yanapita haraka mno bila kusafishwa. Juu ya 100 udongo ni mfinyanzi usiofaa kwa mitaro. Ukizidisha jibu hilo kwa idadi ya watu na kwa 0.25 unapata mita za mraba za sakafu ya mitaro. Tuseme maji yameshuka kwa dakika 75, ambazo ni sekunde 4,500. Jibu ni 30. Kwa watu 6 unahitaji mita za mraba 45, na kwa mtaro wenye upana wa sentimita 60 huo ni urefu wa mita 75, ambao unaweza kuwa mitaro mitano ya mita 15, ikiachana kwa mita 2 za udongo ambao haujaguswa.

Hesabu hiyo inaonyesha wazi kwamba kiwanja cha mita 20 kwa 20, chenye nyumba katikati na kisima pembeni, hakina nafasi ya kutosha kwa familia kubwa kwenye udongo mzito. Ni bora kulijua hilo kabla ya kununua. Kisima kiwe walau mita 30 kutoka mitaroni, na zaidi ya hapo penye mwamba au mchanga mtupu. Hesabu na mitaro ya jirani pia, kwa kuwa ukuta wa tofali hauzuii maji ya ardhini. Mwenye kisima karibu na mitaro apime maji yake maabara kila mwaka, kwa bakteria na kwa naitreti, chumvi ya majitaka iliyo hatari kwa mtoto mchanga. Kuchemsha huua bakteria, lakini naitreti hubaki, na maji yanapopungua kwa mvuke huzidi kukolea, jambo ambalo mama anayemkorogea mtoto mchanga maziwa ya kopo anapaswa kulijua.

Baada ya mitaro kufukiwa, udongo wa juu uachwe ukiwa umeinuka kidogo kama tuta, kwa sababu utashuka wenyewe katika masika ya kwanza. Otesha ukoka mapema, chora ramani upya kabla alama za kuchimba hazijafutika, na uende Februari inayofuata ukachungulie bomba la mwisho wa kila mtaro kwa ufito mkavu.